Shangazi, michezo yote imeandikwa "ya elimu": nichague ipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ni wa kike, anakaribia miaka mitatu. Mdogo wake ana miezi minane. Huwa nakusoma kimyakimya, ila safari hii nimeona nikuandikie, maana nyumbani tumefika mahali watu wazima hatuelewani kwa sababu ya michezo ya mtoto.

Nilipojifungua huyu wa pili, mume wangu alichukua kishikwambi chake cha zamani akakijaza michezo ya watoto. Nia yake ilikuwa njema: nipate kupumua wakati nanyonyesha. Yote aliyopakua imeandikwa "ya elimu": herufi, namba, rangi, maumbo, wanyama. Na kweli nilipumua. Sasa hivi binti yangu akifumbua macho tu anauliza kishikwambi kiko wapi. Nikikichukua anajitupa chini, anapiga mateke, analia mpaka sauti inakauka. Nikimwambia "bado dakika tano", ndiyo kwanza anaanza kulia kabla hata hizo dakika hazijaisha.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Anaimba herufi zote za Kiingereza, A mpaka Z, wageni wakija wanampigia makofi. Juzi nikamwandikia B kubwa kwenye karatasi nikamuuliza hii ni nini. Akaitazama, akanitazama mimi, akaenda zake. Siku hiyohiyo nikakaa pembeni kumwangalia akicheza mchezo wa rangi. Sauti ikasema "gusa nyekundu". Hakusikiliza hata. Akagusa bluu, akagusa njano, akagusa kijani, akagusa nyekundu, makofi yakalia, nyota zikamwagika kioo kizima. Ukurasa uliofuata akafanya vilevile. Najiuliza hapo anajifunza nini.

Halafu kuna la pesa. Wiki iliyopita baba yake alikuta amekatwa pesa za kununua "vito" vya mchezo fulani. Hatujui mtoto aligusa wapi. Mama mkwe aliposikia akasema kitu chenyewe kitupwe, kinaua akili. Wifi yangu naye anasema mimi ndiye nimechelewa. Mtoto wake wa miezi kumi ana programu ya kujifunza maneno, na ananishauri nimwekee huyu mdogo. Mume wangu anasema dunia ya sasa ni ya kompyuta, mtoto asiyezizoea mapema ataachwa nyuma.

Shangazi, mimi sitaki kutupa. Nataka kuchagua. Lakini nikifungua duka la programu naona maelfu, zote zina nyota nyingi, zote zinadai zinafundisha. Nichagueje? Na huyu mdogo nimwekee?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa malezi, na pole kwa kelele za watu wazima, maana naona hizo zinakuchosha kuliko za mtoto.

Nianze na mdogo, kwa sababu jibu lake ni fupi: usimwekee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Wa mwaka mmoja naye haishauriwi. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema karibu hayohayo mwaka 2016, ila kiliacha mlango mmoja wazi hata kwa wachanga walio chini ya miezi 18, nao ni simu ya video. Kwa hiyo ndugu aliye mbali akipiga video, mwache mdogo amwone, acheke naye, ashike kioo kwa mate yake yote.

Kwa nini simu ya video ipite na programu ya maneno ikataliwe, wakati kioo ni kilekile? Nivumilie kidogo hapa, kwa sababu jibu la swali hili ndilo litakalokuchagulia michezo ya mkubwa pia.

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake waliwasikilizisha watoto wa Kimarekani wa miezi tisa lugha ya Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu hasa, akiwasomea na kucheza nao. Lingine lilipata masomo yaleyale kwenye video. Baada ya vipindi 12, waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakuambulia kitu. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake wakapima video ya maneno iliyokuwa ikiuzwa sana kwa wazazi wa watoto wachanga. Watoto wa miezi 12 hadi 18 waliitazama nyumbani kwao mwezi mzima, na mwisho hawakujua maneno mengi kuliko wenzao ambao hawakuitazama kabisa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao mzazi alipewa orodha ya maneno tu, akaambiwa ayatumie na mwanawe katika shughuli zao za kila siku. Na hili la mwisho mwekee wifi yako akiba, lakini usimrushie: wazazi walioipenda ile video ndio walioamini kwamba watoto wao wamejifunza mengi, wakati vipimo havikuonyesha hivyo.

Halafu mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake wakawafundisha vitenzi vipya watoto wa miezi 24 hadi 30. Waliofundishwa kwa simu ya video ya moja kwa moja walijifunza sawa na waliofundishwa ana kwa ana. Waliotazama mtu huyohuyo kwenye video iliyorekodiwa hawakujifunza. Tofauti ni moja: mtu wa simu ya video anamjibu mtoto. Mtoto akigeuka, anamwita. Akisema kitu, anakidaka.

Hapo watengenezaji wa michezo nao husema: basi sisi tumepita, michezo yetu inajibu, mtoto akigusa kitu kinatokea. Ni kweli kinatokea. Lakini rudi kwenye ule mchezo wa rangi uliomwangalia binti yako akiucheza. Makofi yale yanampigia kidole, hayampigii mtoto. Ungeguswa na kiwiko yangelia vilevile. Na binti yako si mjinga hata kidogo: amegundua kwamba kukosea hakumgharimu chochote, na kwamba ukigusa vyote, kimoja lazima kilete nyota. Kwa mtu wa umri wake hiyo ni hesabu nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mchezo unalipa hesabu hiyo badala ya kulipa kusikiliza.

Neno "elimu" kwenye duka la programu hujibandikia mtengenezaji mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyeketi na mtoto akathibitisha kwamba mtoto huyo sasa anajua nyekundu. Nyota nazo usiziamini sana. Mara nyingi zimetolewa na mzazi aliyefurahi kwamba mtoto ametulia, na kutulia ni jambo jingine. Apple wana sehemu maalumu ya watoto kwenye duka lao, na Google tangu mwaka 2020 huweka alama kwenye programu zilizopitiwa na walimu. Anzia huko, utaepuka takataka nyingi, ila usiishie huko.

Sasa kipimo changu mimi. Nimeona mizunguko mingi ya ushauri kuhusu jambo hili, na karibu wote unauliza "mchezo unafundisha nini?" Mimi nauliza kwanza: je, unakubali kuachwa? Mchezo mwingi wa bure hauli kwa kumfundisha mtoto. Unakula kwa dakika anazokaa humo, kwa matangazo anayooneshwa na kwa vito anavyonunua. Kwa hiyo umejengwa kama muuzaji anayesimama mlangoni usitoke. Mwaka 2018 ilitoka tafiti ya Marekani iliyochambua programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka mitano na chini. Asilimia 95 zilikuwa na tangazo la aina moja au nyingine. Si matangazo ya kawaida tu. Kulikuwa na mhusika wa mchezo anayekunja uso, anatikisa kichwa, kisha analia pale mtoto anapofunga ukurasa wa kununua bila kununua. Fikiria mtoto wa miaka mitatu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kubembeleza mwenzake anayelia, anaambiwa tiba ya machozi haya ni kubonyeza hapa. Mimi hilo linanikera kuliko saa zote za kioo anazohesabu mama mkwe wako.

Kwa hiyo usiku mmoja, watoto wakishalala, chukua kishikwambi ukae na mume wako. Muwe wote wawili, asije akaona umefuta kazi yake. Fungueni kila mchezo na muucheze kama mtoto, maana ukiucheza kwa akili ya mtu mzima utakudanganya.

Kwanza zimeni intaneti kabisa. Utashangaa ni mingapi inagoma kufunguka, na ni mingapi inakuwa mipole ghafla kwa sababu matangazo hayana pa kupitia. Inayogoma, futeni. Mchezo wa kupanga maumbo hauna sababu ya kuhitaji intaneti, na hauna sababu ya kuomba ruhusa ya kujua mlipo, kusoma majina ya watu kwenye simu au kusikiliza maikrofoni. Marekani ina sheria tangu mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi, na bado watengenezaji wameshikwa wakiikiuka. Ukiombwa ruhusa usiyoielewa, kataa. Mchezo ukisusa, wacha ususe.

Kisha gusa kimakosa, kwa makusudi. Sikiliza sauti ya kukosa. Kuna michezo ambayo jibu baya linaleta mlio wa kuchekesha kuliko jibu zuri, na mtoto atachagua mlio kila mara. Unachotafuta ni mchezo ambao ukikosea unapunguza mwendo: unarudia neno, unaonyesha, unapunguza vya kuchagua kutoka vinne hadi viwili. Mchezo usimfokee mtoto kwa kukosea, wala usimfanyie sherehe. Na mtoto akipatia, furaha iwe ya kadiri. Fataki za sekunde kumi kwa kugusa bata ni nyingi mno. Mtoto anasubiri fataki, bata amemsahau.

Weka kiganja kizima pembeni mwa kioo, maana ndivyo wanavyoshika. Je, mchezo unachanganyikiwa? Vitufe vya kununua au kutoka viko pale ambapo kidole gumba hukaa? Alama ya kufunga tangazo ni kadogo kama chawa kwenye kona, na ukiikosa inakupeleka dukani? Nadhani vile vito vilinunuliwa kwa njia ya namna hiyo. Mtoto wa umri wake anaweza kugusa na kuburuta kitu taratibu. Kubana kwa vidole viwili, kugusa mara mbili haraka au kuinamisha kifaa bado ni kazi. Maelekezo yawe ya sauti, kwa sababu hasomi.

Halafu usifanye chochote kwa dakika nzima. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Mchezo mbaya hauvumilii kimya: kidole kinatokea kukuelekeza, sauti inakuita, kitu kinarukaruka. Mchezo mzuri unasubiri. Na pale unaposubiri ndipo wewe unapopata nafasi ya kusema, "Eh, huyu kuku anakwenda wapi?" na yeye akajibu. Kumbuka watoto wa Kichina cha video. Anayemjibu mtoto kwa maana ni wewe. Mchezo unaojaza kila sekunde kwa kelele umekufukuza wewe kwenye kiti chako.

Mwisho, ondokeni. Uone unazuiwa mara ngapi.

Mkimaliza mtabaki na michezo michache sana, pengine mitatu. Inatosha. Mtoto wa umri huu hapendi wingi kama tunavyodhani, anapenda kurudia. Ile inayobaki iwe zaidi ya kutengeneza kuliko ya kujibu maswali: kuchora, kupanga vitu, kuvisha wahusika, kumpeleka mtu kulala na kumwamsha, isiyo na mshindi wala alama. Huko hakuna jibu la kubahatisha, kwa hiyo ule ujanja wake wa kugusa vyote hauna kazi.

Ukitaka majina ya kuanzia, nitakupa machache ya bure na yasiyo na matangazo. Khan Academy Kids, ya shirika lisilo la faida, imelengwa watoto wa miaka miwili hadi minane. Ina vitabu, michezo na kuchora, ila sauti zake ni za Kiingereza. GCompris ni mkusanyiko wa shughuli zaidi ya mia kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi. Chagua chache za mwanzo, nyingine ni za wakubwa. Tux Paint ni ya kuchora, imelengwa kuanzia miaka mitatu, na haihitaji intaneti ukishaiweka. Hii ya mwisho haina sura ya kuvutia kama zile za madukani, na kwangu hiyo ni sifa. Zipitishe na zenyewe kwenye mtihani wa usiku. Usinichukulie kwa neno tu.

Suala la lugha usilitie woga. Mchezo ukisema Kiingereza, wewe ukikaa kando unasema Kiswahili, mtoto anajua maneno mawili. Ukimwacha peke yake anabaki na wimbo. Na wimbo wa herufi ni wimbo, mwache auimbe, hauna ubaya. Usitarajie tu kwamba anayeuimba anaijua B. Watoto walio chini ya miaka mitatu hupata shida kuhamisha walichokiona kwenye kioo kuja kwenye vitu halisi, na ndiyo maana B yako ya karatasi ilimpita. Wala hana haraka ya kuijua. Mkishacheza rangi, zima, halafu mtafute vitu vyekundu chumbani, naye akuletee. Hapo ndipo utajua kama nyekundu imeingia, na hapo hawezi kugusa vyote kwa mpigo.

Sasa kilio. Umesema ukimwambia "bado dakika tano" anaanza kulia mapema. Hujakosea kuona hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia familia zenye watoto wadogo wakaona jambo lililowashangaza wenyewe: kumtahadharisha mtoto kwamba zimebaki dakika mbili kulihusishwa na ugomvi zaidi. Mambo yalikwenda vizuri pale mchezo au kipindi kilipofika mwisho wake chenyewe, au pale kuzima kulipokuwa sehemu ya mazoea ya siku. Dakika tano kwa mtoto asiyejua saa ni maneno tu. Anachosikia ni kwamba unakuja kumnyang'anya.

Kwa hiyo tumia miisho anayoiona. "Tukimaliza picha hii tunakilaza." "Mtu huyu akishalala na sisi tunazima." Azime yeye mwenyewe, akipeleke mwenyewe mahali pake. Mchezo usio na mwisho, ule ambao ukurasa unaita ukurasa, hauwezi kutumika hivi, na ndiyo maana nilikuambia kipimo cha kwanza ni kukubali kuachwa. Video zinazojianzisha zenyewe moja baada ya nyingine ni vilevile. Zima huo mpangilio leo. Siku za kwanza atalia sana, pengine kuliko sasa. Usimrudishie kishikwambi ili anyamaze. Tafiti iliyochapishwa mwaka 2022 kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano ilionyesha kwamba wale waliozoeshwa kutulizwa kwa simu mara kwa mara walizidi kuwa wepesi wa kulipuka miezi iliyofuata, hasa wavulana. Kioo kiwe cha kucheza, kisiwe cha kufuta machozi. Na kisitolewe saa ya mwisho kabla ya kulala.

Najua utaniuliza: na mimi nipumue saa ngapi? Swali la haki. Anayekulaumu kwa kumpa mtoto kishikwambi wakati unanyonyesha aje ambebe huyo mkubwa. Una hiyo saa moja kwa siku, si lazima uimalize, lakini usiitawanye kila anapolia. Ipeleke palepale unapoihitaji: muda mmoja wa kunyonyesha asubuhi, mmoja mchana, binti akiwa kando yako kwenye mkeka au kitanda hichohicho, unaona anachofanya na kumtupia neno mojamoja. Mikono yako ina kazi. Mdomo uko huru. Siku nyingine utakuwa umechoka na hutasema neno lolote, atacheza mwenyewe. Haidhuru, kama michezo imeshachujwa.

Mume wako mwambie hivi: vioo vya kugusa vimetengenezwa ili hata mtoto wa miaka miwili avielewe bila kufundishwa. Kitu kinachojifunzika kwa dakika kumi hakimwachi mtu nyuma akichelewa miaka mitatu. Mama mkwe usibishane naye. Mkaribishe akae na mjukuu wake wacheze mmoja wa ile michezo iliyobaki, aulize maswali yake. Mabibi huuliza maswali mazuri kuliko programu yoyote. Wifi mpigie simu ya video, watoto wasalimiane.

Limebaki la pesa. Hamko peke yenu. Mwaka 2014 Apple walikubaliana na serikali ya Marekani kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini, na Google mwaka huohuo angalau dola milioni 19. Tangu hapo vizuizi vimeongezeka, lakini lazima uviwashe. Ingieni kwenye mipangilio ya duka la programu, muweke kwamba kila ununuzi unadai nenosiri, kila mara, hata ule wa bure. Ondoeni kadi au namba ya malipo kwenye akaunti ya kishikwambi hicho kabisa. Hakuna sababu ya kuwepo. Nenosiri lisiwe lile ambalo binti anaona mkiliandika, kwani wanakariri mpangilio wa vidole kuliko tunavyofikiri. Mkimpa kifaa, kifungeni kwenye mchezo mmoja asiweze kutoka: kwenye iPad mpangilio huo unaitwa Guided Access, na vifaa vingi vya Android vina wa kwao kwenye sehemu ya usalama.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho asubuhi baba yake afungue historia ya manunuzi, aombe pesa za vito zirudishwe, aeleze kwamba aliyenunua ni mtoto wa miaka miwili. Maombi kama hayo kadiri yanavyochelewa ndivyo yanavyokuwa magumu, na wiki imeshapita. Duka likikataa, mwandikieni mtengenezaji wa mchezo moja kwa moja. Anwani yake huwa chini kabisa kwenye ukurasa wa mchezo wake.

Shangazi